Saa Saba ya Bwana Upesi

Kwenye mzunguko wa barabara kuu ya mji wetu, kati ya benki na duka la vipuri, halmashauri imesimamisha jiwe na kulipaka chokaa. Limechongwa maneno kwamba mji huu ulianzishwa na serikali ya kikoloni katika eneo lililokuwa wazi, lisilo na wenyewe. Siku nilipolisoma mara ya kwanza nilisimama pale na kikapu changu mpaka kijana wa pikipiki akaniuliza, "Bibi, umepotea?" Nikamwambia sijapotea, nimesimama jikoni kwa watu. Akacheka, akidhani uzee umeanza kunichezea. Simlaumu. Jiwe limesema hapakuwa na mtu, na mimi ni nani nibishane na jiwe?

Lakini nitabishana nalo, maana tuna ugomvi wa kifamilia. Pale penye jiwe palikuwa na kiwanda cha kufulia chuma, nyuma yake nyumba, na nyuma ya nyumba kaburi la mama yao babu zangu wawili. Yule mkubwa alikuwa mhunzi. Yule mdogo, baba mzazi wa mama yangu, alikuwa mkalimani wa boma, na ndiye aliyenilea mimi baada ya mama kufariki. Eneo halikuwa wazi. Lilifanywa wazi kwa neno moja, na neno lenyewe lilitoka kinywani mwa babu yangu niliyempenda kuliko mtu yeyote.

Babu aliniita Majuto. Si jina langu, lakini ndilo alilonizoesha tangu nikitambaa, na watu walidhani ni utani tu wa babu na mjukuu, kwa kuwa majuto ni mjukuu. Nami nilikuwa nikiliitika mbio mbio, nikicheka. Mtoto anajua nini?

Kila Ijumaa tulivuka kijito kwenda kwa mjane wa kaka yake. Walimwita Bibi Mvukuto, kwa sababu ujana wake wote ndiye aliyekuwa akivukuta moto wa mumewe. Aliishi katika vyumba viwili vya udongo, na mlango wake aliuzuia usifungwe na upepo kwa fuawe la marehemu, pande la chuma ambalo mimi na nguvu zangu zote sikuweza kulisogeza. Babu alitua mzigo wa kuni pale mlangoni, akaweka na kifurushi cha sukari juu yake.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Karibu ukae."

"Nina haraka kidogo."

Haraka ya wapi? Mzee amestaafu miaka kumi. Tukitoka pale tulirudi nyumbani tukakaa barazani mpaka jua linazama, hatuna tulifanyalo. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakai, akaniambia viti vya shemeji yake vina kunguni. Nikaamini, nikawa namwonea Bibi Mvukuto huruma.

Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu alikuja asubuhi moja na saa aliyoitengeneza kwa boksi, mishale yake miwili imeshikizwa kwa msumari. Akatueleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, lakini Kiingereza kinaanza usiku wa manane. "Kwa hiyo ukisikia seveni," alisema, "usikimbilie saba. Seveni ni saa moja. Tazama mshale mfupi ulipo, kisha soma namba ya ng'ambo yake." Tukaimba darasa zima: seveni saa moja, eiti saa mbili, naini saa tatu. Kengele ya mapumziko ilipolia tulikuwa tumeshamaliza saa zote kumi na mbili.

Nilifika nyumbani nimejaa elimu. Babu alikuwa barazani akishona kamba ya kiatu chake. Nilijua anajua Kiingereza kuliko mwalimu wetu, ndiyo maana nilitaka nimnase.

"Babu, nikuulize fumbo. Seveni ni saa ngapi?"

Sindano ilisimama. "Saa moja," alisema.

Nikanuna, maana fumbo langu lilikuwa limeharibika. "Nani amekuambia?"

"Wewe nani amekuambia?"

"Mwalimu. Leo."

"Amewafundisha kwa muda gani?"

"Kabla ya mapumziko tulikuwa tumeshajua."

"Asubuhi moja," babu alisema. "Asubuhi moja tu." Kisha akaweka kiatu chini, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mzima akilia na sikujua nifanye nini, nikaokota kile kiatu nikakishika. Alipopata pumzi akanikalisha karibu yake, akanieleza haya ninayowaeleza.

Siku hizo hapakuwa na mji. Palikuwa na nyumba thelathini na moja kandokando ya njia ya misafara, kijito, na kiwanda cha kaka yake kilichosikika kabla hujakiona. Kisha akaja mzungu mwembamba na askari kumi na wawili, akajenga boma juu ya kilima. Alikuwa anajua neno moja tu la Kiswahili, upesi, na alilitumia kwa kila jambo, hata kuaga. Wakamwita Bwana Upesi. Babu alikuwa amesoma misheni miaka minne, akajua kusoma, kuimba na kuhesabu mpaka mia kwa Kizungu, basi akachukuliwa kuwa mkalimani. Mkalimani aliyemtangulia alikuwa amechapwa viboko ishirini na vitano hadharani kwa kukosea maneno ya barua. Babu alikuwepo, alihesabu.

Yeye mwenyewe kosa lake la kwanza lilichekesha. Bwana Upesi alimuuliza kaka yako anafanya kazi gani, babu akatafuta neno la kufua, akapata lile alilofundishwa na mke wa padri siku za kufua mashuka. Kesho yake askari wawili wakashuka kilimani na kapu la mashati ya Bwana, wakalitua kiwandani. Mhunzi aliyatazama mashati, akatazama nyundo yake, akacheka mpaka akakaa chini. "Rudini," aliwaambia, "mkamwambie mdogo wangu shati halistahimili nyundo." Babu alisema kaka yake aliusimulia mkasa huo kwa kila msafara uliopita, na kila alipousimulia alimshika begani kwa fahari, kana kwamba hakuna mtu mwingine mwenye mdogo wake anayeweza kukosea kwa lugha mbili.

Mwaka wa pili Bwana Upesi akaamua kujenga mji. Mpimaji alikuwa amekuja na minyororo yake ya kupimia ardhi, na katika mizigo ileile ikaja saa ya ukutani, ya kwanza kuonekana huku. Wakaitundika kwenye veranda ya boma. Kabla ya hapo Bwana alikuwa akisema asubuhi, mchana, jioni, na maneno hayo hayana matata. Sasa alikuwa na saa, akataka kuitumia. Akampa babu tangazo: kila mwenye nyumba pale chini aje bomani Alhamisi, seveni, aandikwe kwenye kitabu. Atakayeandikwa atabaki na kiwanja chake. Asiyeandikwa, serikali itajua kwamba hapo hapana mwenyewe.

Babu alihesabu kwa vidole, kama alivyohesabu misheni kwenye nyimbo. Seveni, saba. Akateremka akapita nyumba hadi nyumba. Watu hawakuwa na saa, lakini saa walizijua kwa jua, na mtu akitaja wakati huunyooshea mkono pale jua litakapokuwa. Babu alinyoosha mkono wake juu kabisa, kisha akaulaza kidogo kuelekea magharibi. Saa saba. Aliponisimulia alinyoosha tena, halafu akautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kwa kaka yake alikwenda mwisho, akakaa, akala. "Kaka, usikose. Alhamisi saa saba."

"Saa saba inanifaa," mhunzi alisema. "Asubuhi nitakuwa porini nafukua makaa. Nitarudi, nitaoga, nitakuja na mke wangu. Mama naye ataandikwa?"

"Mama ni marehemu, kaka."

"Marehemu ndiye hawezi kuhama. Mwandike wa kwanza."

Alhamisi babu alipanda kilimani wakati wake wa kawaida. Alimkuta Bwana Upesi ameketi verandani nyuma ya meza, kitabu kimefunguliwa, wino umefunguliwa, na mbele yake hakuna hata kuku. Jua la asubuhi lilikuwa likimpiga usoni. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nane.

"Watu wako wako wapi?" Bwana alimuuliza kwa Kizungu. "Nimekaa hapa saa nzima. Uliwaambia seveni?"

Babu alitazama saa. Akatazama jua. Aliniambia kwamba alielewa mara moja, akaona vile viboko ishirini na vitano kimoja kimoja. Kulikuwa na muda bado. Angeweza kusema, nimekosea. Angeweza kukimbia kuteremka, akawaita waliopo, akatuma mtu porini. Saa nzima ilikuwepo.

"Ndiyo, Bwana," alisema. "Niliwaambia seveni."

Ilipofika saa tatu Bwana Upesi aliandika mstari mmoja, akafunga kitabu, akaingia ndani. Babu alibaki pale akijiambia kwamba watakuja, Bwana atawaona, mambo yatajipa yenyewe. Mtu mwoga ana matumaini mengi kuliko mtu yeyote.

Walikuja saa saba kamili, wanaume kwa wanawake, jua limeanza kuinama. Mhunzi alikuwa mbele. Alikuwa ameoga, amejisugua kucha kwa mchanga mpaka weusi wa makaa umepungua, na mkewe nyuma yake amevaa nguo ya sherehe. Bwana Upesi alitoka na leso ya chakula bado shingoni. Akamwambia babu awaulize waliambiwa waje saa ngapi.

Mhunzi alijibu kwa sauti yake ya kiwandani, ya mtu aliyezoea kusemea juu ya nyundo. "Mwambie Bwana, mdogo wangu alituambia saa saba, na mdogo wangu hajatudanganya tangu azaliwe. Tumekuja saa saba. Atazame jua."

Babu akageuka, akatafsiri. Alitafsiri neno kwa neno, hakupunguza wala hakuongeza: anasema waliambiwa seveni, na wamekuja seveni, utazame jua.

Bwana Upesi alitazama saa yake ukutani. Uso ukamwiva. "Anasema sasa hivi ni seveni?"

"Ndiyo, Bwana. Ndivyo anavyosema."

Basi mtu amesimama mchana kweupe anamwambia Bwana kwamba kumekucha sasa hivi, tena mbele ya watu wote, tena anamwonyesha na jua. Babu alimwona kaka yake akimtazama kwa tabasamu, akingoja majibu mazuri. Ilibaki sentensi moja tu kuokoa kila kitu, na aliyeijua kwa lugha zote mbili alikuwa mtu mmoja tu pale uwanjani. Akanyamaza. Askari wakamshika mhunzi mikono. Alihukumiwa mwaka mmoja wa kazi ya barabara kwa kumdhihaki Bwana, na wengine wakapewa siku kumi wavuke kijito.

"Sikusema uongo hata neno moja, Majuto," babu aliniambia. "Ningesema uongo, labda ningeungama. Nilisema kweli tupu, nayo ndiyo iliyomfunga."

Barabara ilichorwa kutoka boma, moja kwa moja, na ikapita katikati ya kiwanda. Waliopewa sururu za kukivunja walikuwa wafungwa, na mhunzi alikuwa mmoja wao. Alivunja tanuri lake mwenyewe. Aliomba asubuhi moja tu ahamishe mifupa ya mama yake. Babu alilitafsiri ombi hilo kwa ufasaha wake wote, na Bwana Upesi akajibu kwa lile neno lake moja. Kifusi kikamwagwa juu ya kaburi, kikashindiliwa. Mwezi wa tisa wa kifungo chake mvua zikaanza, mhunzi akashikwa na kifua, hakuumaliza mwaka.

Babu alimaliza hapo. Nilikuwa bado nimeshika kiatu. Nilimuuliza kama Bibi Mvukuto anajua, akatikisa kichwa. Watu walikuwa wakisema siku zote kwamba mzungu ndiye aliyegeuza maneno, na babu hakuwakatalia, akidhani mjane naye anaamini hivyo. Alimpelekea mjane kuni.

"Ana miaka mingapi ya kuishi?" babu alisema. "Na mimi je? Nipe kiatu changu."

Haikuwa Ijumaa, wala hatukuchukua kuni. Tulimkuta Bibi Mvukuto ameketi ndani karibu na mlango, ungo mapajani, anachambua mchele. Aliinua macho, akaitazama mikono mitupu ya babu kwa muda.

"Leo huna mzigo, shemeji."

Babu alifungua mdomo. Mtu huyu alikuwa amesema mbele ya magavana, alikuwa amesomea watu hukumu za kunyongwa bila kukwama, mji mzima ulimwita Mdomo. Hakikutoka kitu. Akanishika begani, akanisogeza mbele.

"Mwambie," alisema. "Mwambie seveni ni saa ngapi."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkalimani wa babu yangu. Nikasema, "Bibi, seveni ni saa moja."

"Najua," alisema Bibi Mvukuto.

Aliendelea kuchambua. Aliokota chenga mbili tatu, akazitupa nje, ndipo akasema, bila kuniangalia mimi.

"Mnyapara wa barabara alikuwa akipiga kengele kila kukicha, akipayuka: seveni, seveni, amkeni. Mume wangu alikuwa mjinga? Siku ya tatu nilipompelekea chakula alikuwa ameshajua. Akaniambia, mke wangu, mdogo wangu amechanganya hesabu. Akacheka, shemeji. Na mnyororo mguuni alicheka, kama siku ile ya mashati. Akasema nisikuambie kitu, utakwenda mwenyewe kwa Bwana ukatengeneze, na ukishindwa kutengeneza utakuja kwake ukamwambie. Anaona haya, akasema, mpe siku mbili."

Babu alishika mwimo wa mlango.

"Kila nikienda ananiuliza, mdogo wangu amekuja kwako? Namwambia bado. Wewe ulikuwa ukipita pale barabarani na Bwana wako kila siku unatazama miti. Akinyanyua sururu anakutazama, wewe unatazama miti. Sikuwa na hasira na hesabu yako. Hesabu mtu yeyote hukosea. Miezi tisa, shemeji."

"Shemeji," babu alisema.

"Ngoja. Siku ile ya mwisho hakuwa na sauti tena. Aliniuliza kwa macho tu, nami nilijua anauliza nini, kwa sababu hakuwa na swali lingine. Nikamdanganya. Nikamwambia, amekuja. Jana amekuja nyumbani, amekaa, amelia, amesema yote. Akanibana mkono. Kwa midomo tu akasema, si nilikuambia."

Nilitazama sakafuni. Mchele ulikuwa umetulia kwenye ungo, na mkono wake ulikuwa juu yake haufanyi kitu.

"Mimi si mtu wa uongo," Bibi Mvukuto alisema. "Uongo wangu ni huo mmoja, nimemwambia mtu anayekufa, na nimekaa nao miaka arobaini. Kila Ijumaa nakuambia ukae, wewe una haraka."

Akasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikagusa fuawe. Hakikuwa na kunguni. Babu aliinama chini ya mlango, akaingia, akakaa.

"Haya, sema," alimwambia. "Sema yote, kama nilivyomwambia ulisema."